Kejeli Haizimwi kwa Jina Lake

Tarehe 14 Julai 2025, Stephen Colbert aliwaeleza watazamaji wa Late Show, kipindi cha usiku cha CBS, habari iliyomhusu mwajiri wake mwenyewe. Paramount, kampuni inayoimiliki CBS, ilikuwa imekubali kulipa dola milioni 16 ili kuimaliza kesi ambayo Donald Trump aliifungua kwa sababu ya kipindi cha habari cha 60 Minutes. Wakati huohuo kampuni hiyo ilikuwa ikisubiri serikali ya huyohuyo Trump iidhinishe muungano wake na Skydance. Colbert akasema hiyo ni rushwa nono. Siku tatu baadaye CBS ilitangaza kwamba Late Show, iliyoanza 1993 chini ya David Letterman, itafikia kikomo Mei 2026, na kiti chake hakitarithiwa na mtu. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kifedha tu. Tarehe 24 Julai muungano ukaidhinishwa.

Tangu hapo watu wamegawanyika makundi mawili. Kuna wanaosema Colbert alinyamazishwa, na kuna wanaosema kipindi kilikuwa kinakula hasara na hesabu ndiyo iliyokiua. Wa pili wana hoja. Mapato ya matangazo ya biashara katika vipindi vya usiku vya Marekani yalishuka kwa karibu nusu kati ya 2018 na 2024, maana vijana hawakai tena mbele ya televisheni saa tano na nusu usiku. Wanatazama vipande kwenye simu asubuhi, wakiwa njiani. Lakini hoja hizo mbili hazigombani. Kipindi chenye faida kubwa kina mtetezi ndani ya kampuni hata siku kinapomuudhi rais. Kipindi chenye hasara hakina. Mtu asiyekitaka hahitaji kukipiga marufuku, anachohitaji ni kusubiri siku ambayo mwenye mali ana ombi lake mezani kwa serikali.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kejeli ya kisiasa huishia kwenye swali la kama inaleta mabadiliko au ni burudani tu. Ni swali zuri, nitalifikia. Ila huwezi kulijibu kabla hujatazama kejeli yenyewe inavyouawa. Nikitazama nchi moja baada ya nyingine, naona jambo lilelile: ni nadra kejeli kuzimwa kwa kosa la kuwa kejeli. Huzimwa kwa leseni, kwa deni, kwa usajili, kwa hesabu za mwisho wa mwaka. Huzimwa kwa makaratasi.

Chukua kisa cha Jimmy Kimmel, miezi miwili baada ya tangazo la CBS. Tarehe 10 Septemba 2025 mwanaharakati wa mrengo wa kulia, Charlie Kirk, aliuawa kwa risasi huko Utah. Tarehe 15 Kimmel, katika maneno yake ya kufungua kipindi chake cha usiku kwenye mtandao wa ABC, alisema wafuasi wa Trump wanahangaika kuonyesha kwamba muuaji si mwenzao. Kwa maoni yangu kauli ile ilitangulia ushahidi, na waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini ona kilichofuata. Tarehe 17 Brendan Carr, mwenyekiti wa FCC, tume ya shirikisho inayosimamia mawasiliano, alisema hadharani kwamba jambo hilo linaweza kumalizwa kwa njia rahisi au kwa njia ngumu. Siku hiyohiyo Nexstar na Sinclair, kampuni zinazomiliki makumi ya vituo vya mikoani vinavyorusha vipindi vya ABC, zikasema hazitamrusha Kimmel. ABC ikamsimamisha kwa muda usiojulikana.

Ili kuelewa hapo pana nini, ni lazima ujue televisheni ya Marekani imejengwaje. ABC haihitaji leseni ya serikali ili iwe mtandao wa kitaifa. Leseni hupewa kituo kimojakimoja cha mji, na FCC ndiyo inayoitoa na kuihuisha. Mtandao unamiliki vituo vichache tu. Vilivyobaki ni vya watu wengine, wanaoweza kukataa kipindi. Kwa hiyo serikali haihitaji kumgusa mchekeshaji aliyeko Los Angeles, ambaye katiba inamlinda. Inatosha kuwatia hofu wenye vituo. Na Nexstar, siku hizo, ilikuwa ikihitaji kibali cha kuinunua kampuni nyenzake ya Tegna kwa dola bilioni 6.2. Hakuna mtu aliyeandika amri ya kumfungia Kimmel. Haikuhitajika.

Alirudi tarehe 23 Septemba, baada ya watazamaji kuanza kufuta usajili wao wa Disney, wamiliki wa ABC, na baada ya wasanii kwa mamia kupaza sauti. Usiku ule alitazamwa na watu zaidi ya milioni 6, ingawa karibu robo ya kaya za Marekani zilikuwa bado hazimpati kwa sababu ya vituo vya Nexstar na Sinclair. Siku chache baadaye navyo vikalegeza. Fedha ndiyo iliyomwondoa na fedha ndiyo iliyomrudisha, safari hii ikitoka mfukoni mwa watazamaji.

Urusi walikuwa wamepita njia hii mapema, na kwa ukali zaidi. Kuanzia 1994 kituo cha NTV kilirusha Kukly, kipindi cha vikaragosi kilichowakejeli Yeltsin na mawaziri wake wote, na Yeltsin alivumilia. Mwanzoni mwa mwaka 2000 kikaragosi cha Vladimir Putin kikaonyeshwa kama kibeti mbaya ambaye watu wote wamerogwa wamwone mzuri. Miezi michache baadaye mmiliki wa NTV, Vladimir Gusinsky, akakamatwa. Aprili 2001 kampuni ya gesi ya serikali, Gazprom, ikaichukua NTV. Kisingizio kilikuwa deni, na deni kweli lilikuwepo. Kukly ikatoweka 2002. Hakuna sheria iliyopitishwa Moscow kusema vikaragosi ni haramu.

Misri ina funzo jingine. Bassem Youssef alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo aliyeanza kurekodi video nyumbani baada ya Mubarak kuanguka 2011, na ndani ya muda mfupi kipindi chake, El Bernameg, kikawa kinatazamwa na mamilioni ya watu katika ulimwengu wa Kiarabu. Machi 2013, wakati wa Rais Morsi, mwendesha mashtaka alimwita kwa tuhuma za kumtukana rais na dini. Akahojiwa, akaachiwa kwa dhamana ya pauni 15,000, akaenda kusimulia kisa kizima kwenye kipindi. Kisha jeshi likamwondoa Morsi. Youssef alirudi hewani Oktoba 2013 na kipindi kimoja tu kilichogusa wimbi la kumwabudu Jenerali Sisi, na wiki iliyofuata kituo chenyewe, CBC, kikasimamisha matangazo. Alihamia MBC Misr, akadumu miezi michache, na Juni 2014 akatangaza kwamba amefunga. Tofauti ya vipindi hivyo viwili haitokani na upole wa Morsi. Mashtaka humpa mchekeshaji jukwaa jipya, lakini kituo kinapoamua chenyewe kunyamaza, hakuna kesi ya kusimulia.

Kwetu, mila ilitatua jambo hili kwa namna yake. Katika utani wa makabila, mtani huingia msibani, akaiga mwendo wa marehemu, akawadhihaki wafiwa mbele ya jeneza, akadai hela, na hakuna wa kumshika. Haki hiyo hakupewa na mwenye nyumba, kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kuifuta. Mchekeshaji wa televisheni hana ukoo wa namna hiyo nyuma yake. Ni mwajiriwa, na kinga yake ni mkataba.

Sasa nirudi kwenye swali la kama kejeli inafanya kazi yoyote. Jibu langu linategemea aina ya kejeli, na hapa sitaki kuzisifu zote kwa pamoja.

Aina ya kwanza, na ndiyo kongwe, ni kuiga. Johnny Carson, aliyeongoza Tonight Show ya NBC tangu 1962 hadi 1992, aliwatania marais wa vyama vyote kwa kipimo kilekile, na hakuna aliyejua anampigia nani kura. Saturday Night Live ilipoanza Oktoba 1975, Chevy Chase alimwigiza Gerald Ford kama mtu wa kujikwaa na kuanguka kila aendapo. Ikulu ilifanyaje? Aprili 1976 msemaji wa Ford, Ron Nessen, alikuja mwenyewe kuongoza kipindi, na Ford akarekodi maneno ya kukifungua. Nixon alikuwa ametangulia kuijua siri hiyo: Septemba 1968 alijitokeza kwa sekunde chache kwenye Laugh-In, akajichekesha, na Novemba akashinda urais. Trump naye aliongoza Saturday Night Live Novemba 2015, na Septemba 2016, wiki chache kabla ya uchaguzi, Jimmy Fallon wa Tonight Show alimvuruga nywele mbele ya kamera huku ukumbi ukishangilia. Mwanasiasa anayeigwa sauti, mwendo na nywele huondoka akiwa mtu wa karibu zaidi. Kuiga kunaburudisha, na mara chache sana kunauma, kama Tina Fey alivyomuumiza Sarah Palin, mgombea wa umakamu wa rais, mwaka 2008. Mara nyingi mkubwa hukivaa kicheko kama pambo.

Aina ya pili ilichukua sura Jon Stewart alipokabidhiwa Daily Show mwaka 1999. Alikusanya watafiti waliokesha wakichambua mikanda, wakamwonyesha mtazamaji kiongozi akisema jambo Jumatatu na kulikana Alhamisi. Hapo mchekeshaji alikuwa anafanya kazi ya mhariri wa habari. Utafiti wa taasisi ya Pew mwaka 2004 ulionyesha kwamba 21% ya Wamarekani walio chini ya miaka 30 walisema hupata mara kwa mara habari za kampeni kutoka vipindi vya vichekesho. Wengi waliingiwa na wasiwasi, na si bure: utafiti wa Baumgartner na Morris wa mwaka 2006 uliona kwamba vijana waliotazamishwa Daily Show waliwadharau zaidi wagombea na taasisi, huku wakijiamini zaidi kwamba wanaielewa siasa. Dharau pamoja na kujiamini ni mchanganyiko wa hatari. Anayecheka kila usiku anaweza kulala akidhani ameshatimiza wajibu wake.

Lakini tazama kejeli ilipoamua kushika jambo moja na kulichimba. Desemba 2010 mswada wa kuwatibu wazimamoto na waokoaji waliougua kwa vumbi la Septemba 11 ulikuwa umekwama Seneti. Tarehe 16 Stewart alitumia kipindi chake cha mwisho wa mwaka kwa suala hilo peke yake. Aliwaketisha waokoaji wanne, wagonjwa, akawaonyesha video za maseneta wakieleza kwa nini hawana muda kabla ya Krismasi, akawaomba wajibu. Vichekesho vilikuwa vichache. Tarehe 22 mswada ukapita.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Colbert mwenyewe, enzi za Colbert Report, kipindi chake cha kabla ya Late Show. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Citizens United, kwamba kampuni zinaweza kutumia fedha bila kikomo katika uchaguzi ilimradi zisipange mambo na mgombea. Magazeti yalieleza, watu wakasinzia. Colbert akaamua kuanzisha mfuko wake wa namna hiyo, unaoitwa Super PAC. Akamleta studio Trevor Potter, mwanasheria aliyewahi kuwa mwenyekiti wa tume ya fedha za uchaguzi, akamuuliza kwa sauti ya mtu asiyeelewa: nikitaka wachangiaji wangu wasijulikane nifanye nini? Potter, bila kutabasamu sana, akamwonyesha karatasi za kufungua kampuni ya mfukoni huko Delaware. Colbert akazitia saini palepale. Januari 2012 alipotaka kujifanya mgombea, Potter akamweleza kwamba sheria haimruhusu kubaki na mfuko, lakini anaweza kumkabidhi rafiki. Jon Stewart akaingia jukwaani. Lakini huyu ni mshirika wangu wa biashara, akasema Colbert, kuna tatizo? Hakuna, akajibu mwanasheria, ilimradi hampangi mambo pamoja. Wakashikana mikono, ukumbi ukalipuka, na fedha zikahama. Mwisho wa mwezi huo mfuko ulikuwa umekusanya zaidi ya dola milioni 1 za kweli.

Watafiti wa Kituo cha Annenberg walipima baadaye nani aliielewa sheria ya fedha za uchaguzi, na watazamaji wa Colbert waliwapita watazamaji wa vituo vya habari. Sishangai. Hakuna mtu aliyewahi kuifunua sheria ile namna hiyo, kipengele kwa kipengele, kwa kuitii. John Oliver alifuata njia ileile HBO: mwaka 2016 alisajili Mississippi kampuni ya kununua madeni kwa dola 50 tu, akanunua madeni ya hospitali ya karibu dola milioni 15, ya watu kama 9,000, kwa dola 60,000 hivi, kisha akayafuta yote. Alichothibitisha ni jinsi ilivyo rahisi kwa mtu yeyote kupewa majina na siri za wagonjwa akawasumbue.

Hapo nyuzi zote mbili zinakutana. Ikiwa wenye nguvu huizima kejeli kwa makaratasi, basi kejeli yenye faida ni ile inayosoma makaratasi. Anayeiga sauti ya rais hamwoni mnunuzi wa kituo. Anayesoma mikataba anamwona, na Colbert alimwona: neno lake la Julai 2025 lilihusu hati ya malipo na ombi la kibali, wala halikugusa lafudhi ya mtu.

Afrika Mashariki tumekuwa mabingwa wa aina ya kwanza. Nairobi, mwishoni mwa miaka ya tisini, vijana watatu wa Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walimwiga Rais Moi sauti na mwendo wakati ambapo kumbukumbu za vyumba vya mateso vya Nyayo House zilikuwa bado mbichi. Mtu aliyekuwa mdogo siku zile hawezi kujua ule ulikuwa ushujaa wa kiasi gani, na sitaki kuupunguza. Dar es Salaam, Ze Comedy ya akina Joti, Masanja na Mpoki ilianzia EATV, na ilifanya watu waharakishe kurudi nyumbani. Waliiga viongozi wa serikali na wa dini, kwa upendo zaidi kuliko ukali.

Aliyejaribu kwenda mbele ni Gado, Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyehamia Nairobi 1992 kuchora katuni katika magazeti ya Nation. Mei 2009 alianza XYZ Show kwenye Citizen TV, vikaragosi vya mpira kwa mfano wa Guignols wa Ufaransa na Spitting Image ya Uingereza. Kenya ilikuwa imetoka kuzika watu zaidi ya 1,000 waliokufa katika vurugu za baada ya uchaguzi, na kipindi kile kiliwauliza wakubwa maswali ambayo taarifa ya habari iliyazunguka. Kiliwategemea pia wafadhili kutoka nje, na hilo linasema mengi kuhusu watangazaji wetu wa biashara. Gado mwenyewe alikumbana na makaratasi. Januari 2015, baada ya katuni yake kumhusu Rais Kikwete kuchapishwa, gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kusambazwa Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba halikusajiliwa, ingawa lilikuwa limeuzwa huko kwa miaka mingi. Mwaka 2016 mkataba wake na Nation haukuongezwa.

Kisha kuna mchekeshaji wa Tanzania, Idris Sultan. Mwaka 2019 alihojiwa na polisi kwa kubadilishana sura yake na ya Rais Magufuli kwenye picha. Mei 2020 alikamatwa baada ya video ambamo aliicheka picha ya zamani ya rais. Alipofikishwa mahakamani, shtaka halikuwa kucheka. Lilikuwa la laini ya simu isiyosajiliwa kwa jina lake. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu.

Wakenya wamekuja kuonyesha jambo jipya. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipotoka, vijana waliusoma kifungu kwa kifungu kwenye TikTok na X, kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani: VAT ya 16% kwenye mkate, kodi ya 2.5% ya thamani ya gari kila mwaka. Rais Ruto alikwishabandikwa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru aliyepanda mkuyu, na barabarani wakaimba ashuke. Utani wa jina uliuma kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kurasa zilizosomwa. Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuuawa kwa risasi, Ruto alisema hatautia saini. Desemba mwaka huohuo mchoraji wa vivuli vya kumkejeli rais, Kibet Bull, alitekwa, akaachiwa Januari. Huko hakukuwa na karatasi yoyote, na ndiyo maana nchi nzima ilipiga kelele.

Kinachokosekana kwenye televisheni zetu si vipaji vya kuchekesha. Tunavyo, na vingi vimejaa simuni. Kinachokosekana ni meza ya nyuma: watafiti wawili watatu, mwanasheria kama Potter asiyeogopa kukaa mbele ya kamera, na mwenye kituo ambaye biashara zake nyingine hazingoji sahihi ya waziri. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania humkabidhi rais ripoti mwishoni mwa Machi, na mwezi unaofuata ripoti hiyo huwekwa hadharani bungeni. Ina kurasa nyingi za mabilioni yaliyolipwa kwa kazi ambazo hazikufanyika, mashirika yenye hasara na mikataba iliyosainiwa haraka. Vyombo vya habari huishughulikia siku chache, kisha hugeukia jambo jingine. Kipindi kimoja cha nusu saa, usiku, kila wiki, kinachochukua hoja moja ya ukaguzi na kumwalika mhasibu aieleze huku mchekeshaji akimuuliza kama Colbert alivyomuuliza mwanasheria wake, hakihitaji kibali zaidi ya kilichonacho kituo chochote kilichoko hewani leo.